Munzihirwa: askofu aliyebaki Bukavu wakati hesabu ilisema akimbie

Nyantende, Kivu Kusini – Anayetoka Bukavu kwenda Walungu hupita hapa Nyantende. Ndiyo njia ya Burhale, alikozaliwa Christophe Munzihirwa mwaka 1926.

Alipata upadri mwaka 1958, akaingia shirika la Wajezuiti mwaka 1963, kisha akasomea sayansi ya jamii na uchumi Ubelgiji. Mwaka 1971, Mobutu alipowaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu, yeye aliomba aingizwe pamoja nao. Baadaye akawa askofu wa Kasongo, kisha askofu mkuu wa Bukavu. Aliwatetea wakimbizi wa Rwanda, na aliwakemea pia askari wa Zaire waliopora raia.

Oktoba 1996 vita ilifika Bukavu. Viongozi na askari wengi walikimbia. Yeye alibaki na kuwaomba wakaaji wasiuache mji.

Wanauchumi wana nadharia ya michezo, iliyojengwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu cha mwaka 1944. Inachunguza namna mtu anavyoamua akijua kwamba matokeo yanategemea pia uamuzi wa wengine. Kwa Bukavu inaeleza mengi. Wote wakibaki, watasaidiana na nyumba hazitaporwa. Lakini kila mmoja akihofia kwamba jirani atakimbia, atatangulia yeye. Hivyo mji unaweza kubaki mtupu hata kama wengi walitamani kubaki. Kiongozi anayebaki mbele ya macho ya wote anaweza kubadilisha hesabu hiyo.

Lakini nadharia hiyo ina mpaka. Haielezi kwa nini huyo wa kwanza akubali kulipa kwa uhai wake. Tukisema kwamba kwake wajibu ulikuwa na thamani kuliko uhai, tumeingiza jibu ndani ya hesabu baada ya kuona alichofanya. Hesabu ya namna hiyo ingemweleza vilevile kama angekimbia. Wanaotaka kumwelewa warudi mwaka 1971: alikuwa amekwisha kuzoea kwenda pamoja na watu wake.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, gari lake lilisimamishwa Nyawera na askari walioshambulia mji. Alishuka akishika msalaba mkononi, akauawa. Alikuwa na miaka 70. Mji ulianguka, na wengi walikimbia hata hivyo. Yeye amezikwa penye kanisa kuu la Bukavu, katika mji aliokataa kuuacha.