Ivan Magill: Tabibu aliyelinda koo la mgonjwa

MKAZI wa Wenje, ukingoni mwa Mto Tana, akisafirishwa hadi Nairobi kupasuliwa kifua, uhai wake hutegemea kwanza mrija unaopitishwa kooni mwake ili avute hewa. Ukiingizwa vibaya, mrija huo huo waweza kumjeruhi. Aliyewafunza wengi kuuingiza kwa usalama ni Ivan Magill.

Magill alizaliwa mwaka wa 1888 mjini Larne, Ireland, akahitimu udaktari Belfast mwaka wa 1913. Baada ya kuhudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka wa 1919 alipelekwa hospitali ya Sidcup, Uingereza, kuwatia nusukaputi askari walioharibiwa nyuso vitani. Hakuwa amesomea taaluma hiyo.

Huko, daktari mpasuaji Harold Gillies alihitaji uso wote wa mgonjwa, hivyo barakoa haikufaa. Mvuke wa etha uliopulizwa kwa mrija mwembamba nao ulimrudia mpasuaji usoni. Magill na mwenzake Stanley Rowbotham wakabuni matumizi ya mrija mmoja mpana, mgonjwa akapumulia humo. Magill aliukata kutoka kwa mpira uliohifadhiwa ukiwa umeviringishwa. Mpindo wake ukafuata umbo la koo. Mwaka wa 1920 alieleza koleo lake lililopinda, linaloelekeza mrija bila mkono kumziba daktari asione.

Upasuaji wa kifua ulikuwa na hatari nyingine: usaha wa pafu bovu ungeweza kumwagikia pafu zima. Katika miaka ya 1930, Magill alitengeneza mirija yenye kibofu cha hewa, ili pafu moja lipumue huku jingine likipasuliwa. Lakini kibofu kilichojazwa kupita kiasi huweza kuchubua au kupasua njia ya hewa. Ndiyo maana wataalamu huchagua mrija unaolingana na mgonjwa, hukijaza kibofu kwa hewa kidogo tu, na huthibitisha tena mahali ulipo kila mgonjwa anapogeuzwa.

Ujuzi wa Sidcup ulitufikia kwa njia nyingine pia. Archibald McIndoe, binamu na mwanafunzi wa Gillies, alikuwa mmoja wa wapasuaji watatu walioasisi shirika la AMREF mwaka wa 1957, linalojulikana kwa madaktari wake wa ndege.

Magill alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka wa 1960, akafariki Novemba 1986 akiwa na umri wa miaka 98. Koleo lenye jina lake lingali likitumika katika vyumba vya upasuaji.