Makerere, Edinburgh na Mlimani: Uanafunzi wa Julius K. Nyerere na Deni la Msomi

1.0 Utangulizi

Mtumba, mashariki ya jiji la Dodoma kando ya barabara iendayo Morogoro, ndipo ulipo Mji wa Serikali, ambao majengo yake ya awali yalizinduliwa mwaka 2019. Si mbali na hapo, katika vilima vya Chimwaga, kipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973 chini ya uongozi wa Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), ambaye hakujaliwa kuona ofisi za Mtumba wala chuo hicho. Maisha yake husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa. Makala haya yanayatazama kwa upande wa uanafunzi: alisoma Afrika Mashariki, akasoma Ulaya, kisha akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha nchi yake. Linalojadiliwa ni kwamba tofauti kubwa kati ya mahali hapo patatu haikuwa katika ubora wa masomo tu, bali pia katika deni ambalo mwanafunzi alihesabiwa kuwa nalo kwa jamii yake.

2.0 Makerere, 1943–1945

Nyerere alizaliwa Butiama, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Wakati huo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo cha nyumbani kilikuwa Kampala, nacho kilitoa stashahada, si shahada. Aliyefika huko alikuwa mmoja kati ya wachache mno waliochujwa kutoka katika nchi nzima.

Uchache huo uliwafanya Watanganyika watafutane. Pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, Nyerere alianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, ambacho baadaye kiliungana na Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA). Hapo ndipo alipomsoma John Stuart Mill na kuyatumia mawazo yake kuchunguza hali ya wanawake katika jamii yake mwenyewe, kwa insha iliyompatia tuzo. Kitabu kilikuwa cha kigeni, lakini swali lilikuwa la Butiama. Aidha, kwa kuwa wenzake wa bwenini ndio waliotarajiwa kuwa walimu, matabibu na makarani wa nchi zao, mazungumzo yao ya jioni yalikuwa tayari ni mazungumzo juu ya nchi hizo.

3.0 Edinburgh, 1949–1952

Baada ya kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, Nyerere alikwenda Uingereza mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akasoma shahada ya M.A. katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alijifunza uchumi, falsafa, historia, anthropolojia na sheria ya katiba, miongoni mwa mengine. Alihitimu mwaka 1952.

Hali ya mwanafunzi huko ilikuwa kinyume cha ile ya Makerere. Kampala alikuwa mteule. Edinburgh alikuwa mmoja kati ya maelfu, na mgeni juu ya hayo. Upweke wa namna hiyo una hasara zake, kwani huwatenga wasomaji na wale wanaowasomea. Hata hivyo, ulimpa nafasi ya kusoma bila kutazamwa kama kiongozi wa kesho, na umbali wa kuutazama ukoloni kutoka katika kitovu chake. Mjadala wa miaka hiyo juu ya Shirikisho la Afrika ya Kati ulimwonyesha kwamba hatima ya Waafrika iliweza kuamuliwa na watu wasiowahi kuwaona. Katika kipindi hicho aliandika insha juu ya tatizo la rangi katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo Edinburgh haikumpa swali jipya. Ilimpa istilahi na utulivu wa kulijibu swali alilokuja nalo.

4.0 Mlimani, 1961–1970

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Sasa Mtanzania aliweza kusoma chuo kikuu bila kuvuka mpaka.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyowataka wahitimu wakae kambini miezi 5, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Nyerere aliwafukuza wanafunzi 393, wengi wao wakiwa wa chuo hicho. Ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe alisoma kwa fedha za umma mara mbili bila kupitia kambi yoyote. Kwa kipimo hicho, aliwadai wanafunzi wa nyumbani zaidi ya alivyodaiwa yeye. Lakini nao walikuwa na hoja: viongozi waliowahimiza kujinyima walikuwa wakilipwa vizuri. Hoja hiyo haikupuuzwa, kwani alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa mwaka uliofuata, na mwaka huohuo ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Chuo kilipokuwa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970, Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wake.

5.0 Hitimisho

Ipo njia nyingine aliyoitumia kulipa deni la ugenini, nayo ni lugha. Elimu yake ya juu yote aliipata kwa Kiingereza. Hata hivyo, mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo ilitoka pia Mabepari wa Venisi.

Kwa mujibu wa maisha haya, kuuliza ipi ni bora, kusoma nyumbani au ugenini, ni kuuliza nusu ya swali. Makerere ilimpa wenzake na wajibu. Edinburgh ilimpa umbali na nafasi. Mlimani palimlazimu aeleze nani amlipe nani. Mwanafunzi wa Chimwaga, aliye jirani na wizara za Mtumba, hana umbali ule, ila anao uwezo ambao wa Edinburgh hakuwa nao: kuwauliza wenye mamlaka swali hilohilo akiwa karibu nao, kama walivyofanya wale wa mwaka 1966.