Purkyně na Nyuzi za Moyo wa Kondoo

Jina la Purkinje wengi wetu tunalijua kwa mstari mmoja tu wa daftari la Bayolojia: nyuzi za Purkinje, zimo moyoni, basi. Tunalikariri, tunalimwaga kwenye mtihani, kisha tunalisahau. Mimi lilinikataa kutoka kichwani. Nikajiuliza, huyu alikuwa nani hata nyuzi za moyo wa kila mmoja wetu zikaitwa kwa jina lake? Nimepekuapekua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa Desemba 1787 katika mji mdogo wa Libochovice, nchi ya Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake kamili ni Jan Evangelista Purkyně. Wajerumani ndio walioliandika Purkinje. Babake alisimamia mashamba ya bwana mmoja mkubwa, akafariki mtoto akiwa bado mdogo kabisa. Kilichomwokoa kijana ni sauti yake. Alichukuliwa kuimba kanisani huko Mikulov, na kwa kuimba akapata kusoma. Akaingia utawa, ila mwaka wa 1807, kabla ya kupewa upadre, aliondoka akaenda zake. Akawa anafundisha watoto wa matajiri ili apate riziki, na hatimaye akasomea udaktari mjini Prague.

Hapo ndipo vituko vyake vilipoanza. Purkyně hakuwa na maabara wala vifaa, lakini alikuwa na mwili wake. Akaufanya maabara! Alikunywa kafuri, akanywa beladona, akanywa dawa ya dijitalisi ambayo madaktari huitumia kwa wagonjwa wa moyo, tena si kidogo, kisha akaandika yote yaliyompata: macho yakiona vimulimuli, mapigo ya moyo yakibadilika. (Wenzangu, tafadhali, msijaribu. Dawa hiyo huua.) Akiwa shambani alfajiri aligundua kwamba maua mekundu huonekana meusi kabla jua halijachomoza, ilhali ya buluu yanang'aa. Mwaka wa 1823 alizigawa alama za vidole vya binadamu katika mafungu tisa, miaka mingi kabla polisi hawajafikiria kuzitumia.

Mwaka huohuo wa 1823 akapata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji uliokuwa chini ya Prussia na ambao sasa ni Wrocław, nchini Poland. Usidhani alipokewa kwa vigelegele. Baadhi ya maprofesa hawakumtaka huyu mgeni Mcheki, na chumba cha kufanyia utafiti ilikuwa kazi kukipata. Hadubini nzuri, iliyotengenezwa na Plössl wa Vienna, aliipata mwaka wa 1832, akiwa ameshapita miaka arubaini na minne! Kwa muda mrefu kazi aliifanyia nyumbani kwake, wanafunzi wakiingia na kutoka. Na nyumba yenyewe ilikuwa na msiba. Alikuwa amemwoa Julia, binti wa Profesa Rudolphi wa Berlin, mwaka wa 1827. Kipindupindu kikawachukua binti zao wawili, na mwaka wa 1835 Julia naye akafariki. Mwanamume akabaki na wana wawili wadogo, na hadubini.

Ama kwa hakika sijui alipata wapi nguvu, kwani miaka iliyofuata ndiyo aliyofanya makubwa. Mwaka wa 1837 alieleza seli kubwa za ubongo wa nyuma, ambazo pia zinaitwa kwa jina lake. Kisha akaja kwenye moyo.

Hebu tuutazame ukuta wa moyo kwanza. Una tabaka tatu: utando wa nje, utando laini wa ndani unaogusana na damu, na katikati msuli wenyewe, ulio mnene kuliko zote. Ukiuweka msuli huo chini ya hadubini utaona seli zenye mistari mistari, kama za msuli wa mkono. Tofauti ni kwamba hizi za moyo zimetoa matawi na kushikana ncha kwa ncha, kama watu walioshikana mikono, hivi kwamba ishara ya umeme ikiigusa moja hupita hadi kwa jirani. Ndiyo maana moyo hupiga pamoja, si kila seli na lwake.

Purkyně alipoupasua moyo wa kondoo aliona, chini tu ya ule utando wa ndani wa vyumba vya chini, wavu wa nyuzi za kijivu, laini kama ute ulioganda. Zilionekana hata kwa macho matupu. Mwanzoni alidhani ni gegedu. Hadubini ikamwonyesha safu za seli zenye viini, na kati yake vijiuzi vyembamba vya msuli. Akazipata pia kwa ng'ombe, nguruwe na farasi. Akasema ni za aina ya msuli, lakini kazi yake hasa? Hapo hakuna aliyejua.

Ripoti yake aliichapisha mwaka wa 1839 kwa Kipolandi, katika kitabu cha mwaka cha madaktari wa Kraków. Wakubwa wa sayansi wakati huo walisoma Kijerumani, kwa hiyo ilipita kimya hadi ilipotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1845. Hata hapo nyuzi zilibaki kama mgeni asiyejulikana amekuja kufanya nini. Ni mwaka wa 1906, Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi mjini Marburg, Ujerumani, alipozifuata moja baada ya nyingine na kuona kwamba ni matawi ya mwisho ya njia moja inayotoka juu ya moyo. Zinabeba amri ya kupiga! Seli zake ni nene, zina vijiuzi vichache vya kuvuta, na huupitisha umeme kwa kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde, wakati msuli wa kawaida wa moyo kwa kawaida hauzidi mita 1.

Purkyně hakuyaona hayo. Mwaka wa 1850 alirudi Prague, akiwa mzee wa miaka sitini na miwili. Wengine hapo wangetulia. Yeye mwaka wa 1853 akaanzisha, pamoja na wenzake, jarida la sayansi la Kicheki liitwalo Živa, wakati ambapo elimu ya juu nchini kwake ilikuwa ya Kijerumani na Kicheki kilidharauliwa kuwa lugha ya jikoni na shambani. Wale wanaotucheka sisi wa Chama cha Kiswahili, wakituuliza eti seli na umeme wa moyo tutauelezaje kwa Kiswahili, naomba aya hii waisome mara mbili.

Alifariki Prague Julai 1869, akazikwa katika makaburi ya Vyšehrad. Živa lingali linachapishwa, kwa Kicheki.