Padri Aliyeuliza Ulimwengu Ulianza Lini

Ukiiangalia ile picha ya kwanza ya darubini ya James Webb iliyotolewa Julai 2022, yenye maelfu ya galaksi zilizomwagika kama ulezi kwenye mkeka mweusi, kumbuka kwamba eneo lote unaloliona pale linafunikwa na punje moja ya mchanga ukiinyoosha angani kwa urefu wa mkono wako. Punje moja tu! Mimi niliiona mwishoni mwa mwezi ule, kwa bando la kuazima, nikiwa likizo nyumbani Muleba, upande wa Kamachumu. Umeme ulikuwa umekatika. Bibi yangu aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akataka kujua vitu vyote hivi vilianza lini. Hakuuliza ni vingapi wala viko mbali kiasi gani. Aliuliza lini.

Basi nikaanza kumtafuta mtu aliyelichukua swali hilo la lini akalifanya hesabu. Nilitegemea kumkuta Einstein, au huyo Hubble ambaye darubini nyingine ilipewa jina lake. Nikamkuta padri wa Ubelgiji. Bibi, aliyelelewa misioni, alifurahi kuliko mimi.

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 huko Charleroi, mji wa makaa ya mawe na vioo. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vioo, kikaungua moto, familia ikahamia Brussels na mzee akaajiriwa benki. Kijana alisoma kwa Wajesuiti, kisha akiwa na miaka 17 akaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven kusomea uhandisi. Mpaka hapo ni maisha ya mwanachuo wa kawaida, yaani mtoto mwenye akili anayesomea kitu chenye ajira.

Agosti 1914 vita vikaanza. Wajerumani waliingia Ubelgiji na kuichoma maktaba ya Leuven, chuo chake. Lemaître alijiunga na jeshi kwa hiari, akaanza askari wa miguu, baadaye akahamia mizinga. Alipigana Yser, na alishuhudia gesi ya klorini ikitumika dhidi ya binadamu kule Ypres mwaka 1915. Sisi wa Kagera tunaisoma vita hiyo kama jambo la Ulaya, lakini Juni mwaka huohuo Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba iliyokuwa ya Wajerumani na kuubomoa mtambo wao wa redio. Ni vita ileile. Tofauti ni kwamba kule Ubelgiji kulikuwa na kijana mmoja kwenye handaki, akisoma vitabu vya fizikia kati ya milio ya mizinga.

Alirudi na nishani, na uhandisi akauacha. Alichukua hisabati na fizikia, akamaliza udaktari mwaka 1920, kisha akaingia seminari. Akiwa mseminari alijifundisha nadharia ya relativiti ya Einstein, ambayo wakati huo hata maprofesa wengi walikuwa wanaikwepa. Alipewa upadri Septemba 1923 na Kardinali Mercier. Ndani ya wiki chache akawa Cambridge, Uingereza, akifundishwa na Arthur Eddington, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Harvard, Marekani, kufanya kazi kwa Harlow Shapley.

Bahati yake kubwa ilikuwa kuwepo Washington mwanzoni mwa Januari 1925, kwenye mkutano wa wanaastronomia. Hubble mwenyewe hakufika, lakini karatasi yake ilisomwa: alikuwa amepata nyota za aina ya Sefeidi ndani ya wingu la Andromeda, na kwa nyota hizo umbali wake ulipimika. Lile wingu halikuwa ndani ya galaksi yetu. Lilikuwa galaksi nyingine, inayojitegemea. Siku ile ulimwengu ulikua mara nyingi zaidi mbele ya macho ya waliokaa ukumbini.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye njia. Sisi wa Bukoba na Muleba tuko kwenye nyuzi moja na nusu hivi, au mbili, kusini mwa ikweta, na hilo linatupa zawadi ambayo mtu wa London hana. Mwishoni mwa Novemba, mnamo saa tatu usiku, anga likiwa safi, ukiangalia kaskazini utaiona Andromeda kama ukungu mdogo, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Geuka kusini saa hiyohiyo, chini kidogo, kuna Wingu Dogo la Magellan. Hilo la kusini ndilo ambalo Henrietta Leavitt wa Harvard alilitumia kugundua jinsi nyota za Sefeidi zinavyopima umbali, na bila kazi yake Hubble asingekuwa na rula. Rula na kilichopimwa, vyote viwili juu ya paa moja la bati. Nuru ya Andromeda inayokufikia imesafiri miaka milioni 2.5. Tatizo ni kwamba Novemba ni mvua, na siku mawingu yakiachia ni msimu wa senene, watu wamewasha mataa makali mpaka nyota zinakata tamaa. Tafuta kilima kisicho na mtego.

Turudi kwa padri. Mwaka 1925 alianza kufundisha Leuven, na mwaka 1927 akaandika makala iliyopaswa kumpa umaarufu papo hapo. Kwa miaka kadhaa ilikuwa inajulikana kwamba nuru ya galaksi nyingi imevutika kuelekea rangi nyekundu, kana kwamba galaksi hizo zinatukimbia. Lemaître alizitatua milinganyo ya Einstein, akaonyesha kwamba galaksi hazikimbii kupitia anga kama basi barabarani. Anga lenyewe ndilo linatanuka, na linazibeba. Kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyozidi kwenda kasi. Hakuishia kwenye nadharia: alichukua vipimo vilivyokuwepo akakokotoa kasi ya kutanuka, akapata takriban kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Hubble alichapisha uhusiano huo miaka miwili baadaye, 1929.

Sasa kwa nini jina likawa la Hubble? Makala ya padri ilitoka kwa Kifaransa, kwenye jarida la chama cha sayansi cha Brussels ambalo nje ya Ubelgiji lilisomwa na watu wa kuhesabika. (Mimi ninayeandika kwenye gazeti la serikali ya wanafunzi sina la kumcheka.) Oktoba 1927 alikutana na Einstein Brussels, pembeni ya mkutano wa Solvay. Einstein alikubali kwamba hesabu hazina kasoro, lakini fizikia yake akaiona mbaya kabisa, kwa sababu yeye aliamini ulimwengu umetulia. Pia alimwambia kuwa Mrusi aitwaye Friedmann alishazipata milinganyo kama hiyo, na alikuwa amefariki mwaka 1925. Hebu fikiria: uko na miaka 33, bingwa wa dunia anakuambia kwamba kazi yako ni sahihi, si mpya, na haikubaliki, vyote kwa mazungumzo mamoja.

Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa zamani, Eddington, aliyehakikisha makala inatoka kwa Kiingereza mwaka 1931. Lakini tafsiri hiyo ilikosa aya muhimu kuliko zote, ile yenye kasi ya kutanuka. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba kuna mkono uliomwibia. Mwaka 2011 ikapatikana barua iliyoonyesha kwamba mtafsiri alikuwa Lemaître mwenyewe. Aliona vipimo vya Hubble vya 1929 vimeshapita vyake, hakuona haja ya kurudia vya zamani, akaviacha. Hapa mimi nakwaruzika. Unyenyekevu wa namna hiyo unapendeza kuusoma, ila ulimgharimu jina lake kwa miaka 87: ni Oktoba 2018 tu ambapo wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia walipiga kura, asilimia 78 wakakubali kanuni hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître.

Mwaka huohuo 1931, mwezi Mei, alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature, haijai ukurasa mmoja. Humo ndimo lilipo jibu la bibi. Kama ulimwengu unatanuka, alisema, rudisha mkanda nyuma: jana ulikuwa mdogo kuliko leo, juzi mdogo zaidi, mpaka unafika mahali vyote vilikuwa kitu kimoja kilichobanana. Akakiita atomu ya mwanzo. Jina la Mlipuko Mkuu lilikuja baadaye, 1949, kupitia redio ya BBC, kinywani mwa Fred Hoyle ambaye hakuiamini nadharia yenyewe.

Unaweza kukisia kilichofuata. Padri anasema ulimwengu una mwanzo: wanasayansi kadhaa wakashuku kwamba anaingiza kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Na upande wa pili, Novemba 1951, Papa Pius XII alihutubia akionyesha kwamba sayansi sasa inashuhudia uumbaji. Padri mwingine angeshukuru. Lemaître alikerwa. Kwake atomu ya mwanzo ilikuwa dhana ya fizikia, inayoweza kuthibitishwa au kuangushwa na vipimo, na ukiifungia imani yako kwenye dhana hiyo, siku ikianguka utaanguka nayo. Alizungumza na mkurugenzi wa kituo cha anga cha Vatikani, na Papa alipowahutubia wanaastronomia mwaka uliofuata hakuligusa tena jambo hilo.

Kwa sisi tuliokulia Kagera hii si habari ya mbali. Huku kila ukoo una padri, sista au mseminari, na mwanafunzi wa fizikia akirudi likizo lazima aulizwe, kwa upole lakini kwa macho makali, kama bado anasali. Nimeshaona wenzangu wakijibu kwa kuigawa nafsi: chuoni hivi, nyumbani vile. Wengine wanajibu kwa kuchanganya, kila picha mpya ya Webb wanaigeuza mahubiri. Lemaître aliadhimisha misa asubuhi na kufundisha relativiti mchana kwa karibu miaka arobaini, na hakufanya kimojawapo.

Kuna sadfa moja ninayoipenda. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimteua Lemaître kuwa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Mwaka huohuo, Papa huyohuyo alimfanya Laurean Rugambwa, mtoto wa Kamachumu aliyesoma seminari ya Rubya, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Rugambwa amelala leo katika kanisa kuu la Bukoba. Sina ushahidi kwamba wawili hao waliwahi kusalimiana, na sitaubuni.

Uzeeni mzee wetu alipenda kompyuta. Mwaka 1958 aliileta Leuven mashine ya Burroughs E101 na kujifunza kuiandikia programu akiwa ameshavuka miaka sitini, jambo ambalo baadhi ya wahadhiri wa leo wanalikimbia. Moyo ulimsumbua mwaka 1964, kisha ikaja saratani ya damu. Juni 1966, akiwa kitandani, msaidizi wake Odon Godart alimletea habari kwamba Penzias na Wilson kule Marekani wamenasa mnong'ono wa redio unaotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la mwanzo. Dhana yake ilikuwa imepimwa na haikuanguka. Alifariki tarehe 20 Juni 1966.

James Webb imejengwa juu ya wazo lake, hata kama haina jina lake. Nuru iliyotoka kwenye galaksi za mwanzo ilikuwa ya kawaida, lakini anga lilivyotanuka njiani liliivuta mpaka ikawa mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni. Ndiyo maana darubini hiyo ina kioo cha dhahabu cha mita 6.5 kinachoishi kwenye baridi kali, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya mwavuli wa tabaka tano wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Imeshaziona galaksi zilizowaka ulimwengu ukiwa na miaka chini ya milioni 300, kati ya umri wake wa leo wa miaka bilioni 13.8. Hiyo namba ya mwisho nilimpa bibi. Akauliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, akaenda kulala.

Na ile 625? Ilikuwa kubwa mno. Ukiigeuza iwe umri kwa njia nyepesi, ulimwengu unapata miaka chini ya bilioni 2, wakati miamba ya Geita, majirani zetu, imepita bilioni 2.5. Lemaître aliliona pengo la aina hiyo mapema, akajaribu kuliziba kwa kile kipengele cha lambda ambacho Einstein alikuwa amekitupa; mwaka 1998 ikaonekana kwamba kutanuka kunaongeza mwendo, na lambda ikarudi mezani. Leo wanaopima kwa joto la mwanzo wanapata takriban 67. Wanaopima kwa Sefeidi, Webb ikiwemo, wanapata takriban 73. Kila upande umeshahakiki vifaa vyake mara kadhaa, na namba hizo mbili bado hazijakutana.