Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu aliyefungulia sura za watu njia ya picha

Vijana wanaopiga picha hapa Boga na kule Bunia wanaulizana sana: kwa kupiga sura ya mtu, ni heri kununua objektifu ya zamani ya bei ya chini, ao ya kisasa? Ndugu msomaji, kabla ya kutoa franga zako, ni vizuri umjue mzee Joseph Petzval, sababu mambo haya yalianzia kwake.

Petzval alizaliwa tarehe 6 Januari 1807 huko Spišská Belá, mji mdogo ambao leo uko Slovakia. Baba yake alikuwa mwalimu. Yeye alisomea uinjinia mjini Pest, akafanya kazi huko, kisha mwaka 1837 akawa profesa wa hesabu katika iniversite ya Vienna.

Miaka miwili nyuma, Daguerre wa Ufaransa akaonyesha watu namna yake ya kupiga picha. Lakini shida ilikuwa moja: objektifu za wakati ule zilipitisha mwanga kidogo tu. Mtu alipaswa kukaa dakika nyingi bila kutikisika. Nyumba inaweza kuvumilia hivyo, lakini mtoto ao mzee hawezi.

Petzval akashika kalamu. Jeshi lilimkopesha askari wa mizinga waliojua kuhesabu vizuri, na mwaka 1840 objektifu ikatoka: vioo vinne, tundu la f/3.6. Fundi Voigtländer wa Vienna ndiye aliichonga. Kukiwa na mwanga mzuri, sura ya mtu ikaanza kupigwa kwa muda usiofika dakika moja.

Faida je? Petzval alilipwa mara moja tu, gulden 2,000. Inje ya Austria hakuna karatasi iliyomlinda. Voigtländer akauza objektifu hiyo mbali na karibu, na wawili hao wakakosana. Mwaka 1859 wezi wakavunja nyumba ya Petzval na maandiko yake ya miaka mingi yakaharibika. Polepole akaachana na mambo ya vioo. Alikufa Vienna mwaka 1891, mtu wa upweke.

Lakini kazi yake haikufa. Objektifu yake inaonyesha macho wazi kabisa katikati, na pembeni picha inafifia ikizunguka kama maji yaliyokorogwa. Watu wanapenda uzuri huo hata leo, njo maana mwaka 2013 Lomography ilianza kuitengeneza upya.

Basi uchague kwa kazi. Picha ya karte, ya darasa nzima ao ya arusi yenye watu wengi inataka objektifu ya kisasa: inaona wazi hadi pembeni na inajitafutia macho yenyewe. Sura ya bibi aliyetulia kivulini, ya zamani inaweza kutosha, ukiwa na subira ya kuzungusha kwa mkono. Ila kabla ya kulipa, uielekeze kwenye mwanga uangalie ndani: kama ukungu umeota kama utando wa buibui, uiache. Uulize pia kama kuna kipete cha kuifungia ku apareyi yako.

Na somo la mwisho ni la Petzval mwenyewe: kazi ya akili inahitaji mkataba. Ukipiga picha za mtu, muandikiane kwanza.