Armand Denis: Mbelgiji aliyewaingiza ndovu wa Kenya sebuleni kwa Waingereza

MWINGEREZA aliyemiliki runinga mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakuwa na mengi ya kuchagua. Kituo kilikuwa kimoja tu, BBC, hadi Septemba 22, 1955, kilipozaliwa cha pili, ITV. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ilipotimia saa kumi na mbili jioni matangazo yalikatwa kwa saa nzima ili wazazi wapate kuwalaza watoto, mtindo ambao ulikomeshwa Februari 1957. Saa moja vipindi vilirejea, na kabla ya usiku wa manane wimbo wa taifa ulipigwa, mitambo ikazimwa.

Ni katika saa hizo chache za jioni ambapo alipata umaarufu mtu ambaye hakuwa Mwingereza wala mzaliwa wa Kenya, ingawa maskani yake yalikuwa Langata, Nairobi. Jina lake ni Armand Denis.

Denis alizaliwa Ubelgiji mnamo Desemba 2, 1896. Vita Vikuu vya Kwanza vilimfikisha Uingereza, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akavuka bahari hadi Marekani. Huko alibuni mtambo wa kudhibiti sauti ya redio. Malipo ya uvumbuzi huo ndiyo yaliyompa uhuru wa kuiacha maabara na kushika kamera. Laiti redio za siku hizo zisingekuwa na kero ya sauti kupanda na kushuka, huenda tusingemsikia kamwe.

Alianzia kisiwani Bali, na filamu hiyo ikatolewa 1932. Miaka miwili baadaye aliongoza Wild Cargo, iliyomhusu mnasaji wanyama Frank Buck. Mkewe wa kwanza, Leila Roosevelt, alikuwa wa ukoo uliowatoa marais wawili wa Marekani, na pamoja walisafiri kwa gari barani Afrika. Kutokana na safari za Kongo ilitoka Dark Rapture mwaka 1938. Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1948, mjini Potosi, Bolivia, akamwoa Michaela, mbunifu wa mavazi kutoka London.

Wawili hao walifaana kama chanda na pete. Hollywood ilipokuja Afrika Mashariki kupiga filamu ya King Solomon's Mines, iliyotolewa 1950, Michaela alisimama badala ya mwigizaji Deborah Kerr katika baadhi ya matukio. Mwaka 1954 walialikwa na BBC kuonyesha sehemu za kazi zao. Watazamaji waliwapenda papo hapo: mzee mpole mwenye lafudhi nzito ya Kibelgiji, na mkewe mrembo aliyeonekana na rangi ya midomo hata porini. Wachekeshaji waliwaiga, na hiyo ni dalili tosha ya umaarufu. ITV nayo iliwataka, ikawapata. Kipindi chao On Safari kilianza BBC mwaka 1957, na hatimaye kikafikia kikomo mwaka 1965.

Ikumbukwe kwamba Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960. Mwingereza aliyefungua runinga wakati wa habari alisikia juu ya kambi za kizuizini na mauaji. Akingoja kidogo, alimwona Denis na Kenya nyingine, ya twiga na simba, ambamo siasa haikuwemo. Sidhani kama alikusudia kuficha lolote. Alipiga picha za alichokipenda. Lakini ile Kenya ya pili ndiyo iliyokaa akilini mwa watazamaji kwa muda mrefu zaidi.

Kwa wakazi wa Makueni na Kitui, wanyama hao hawakuwa burudani ya jioni. Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, ilikuwa msitu wa miiba uliojaa mbung'o na vifaru. Serikali ilitaka kuwahamishia huko Wakamba ambao ardhi yao ya milimani ilikuwa imemomonyoka. Kazi ya kuwaondoa vifaru alipewa Mskoti J. A. Hunter. Kuanzia Agosti 1944 hadi Oktoba 1946 aliwaua vifaru 996. Hunter aliandika vitabu vilivyosomwa sana ng'ambo, akajenga hoteli kando ya barabara ya Mombasa huko Kiboko, ambayo ilipewa jina lake, na akafariki mwaka 1963.

Hivyo, haikupita hata miaka kumi kati ya bunduki ya Hunter na kipindi cha kwanza cha Denis katika BBC. Serikali ile ile iliyolipia risasi za Makueni ilikuwa imetenga mbuga ya Tsavo mwaka 1948, inayopakana na Makueni na Kitui. Mnamo 1956 na 1957 walinzi wa mbuga, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliendesha msako mkali dhidi ya wawindaji wa pembe. Wata na Wakamba waliotumia upinde na mishale ya sumu walitiwa mbaroni na kufungwa. Ujuzi huo ulikuwa wa kale, kwani Kivoi wa Kitui alikuwa akipeleka misafara ya pembe hadi pwani kabla ya mwaka 1850. Kifaru aliyeuawa kwa amri ya serikali alihesabiwa kuwa maendeleo, naye aliyeuawa kwa mshale alikuwa ushahidi mahakamani.

Kenya yenyewe ilipata runinga mwaka 1962, kwa mtambo uliowekwa Limuru, na mawimbi yake hayakufika mbali na Nairobi. Denis alikuwa amekwisha kuwaburudisha Waingereza kwa miaka minane.

Maradhi ya Parkinson yalimdhoofisha, naye akafariki Nairobi Aprili 15, 1971, akiwa na umri wa miaka 74. Wakati huo ukame ulikuwa umewaua maelfu ya ndovu wa Tsavo. Michaela alibaki Nairobi, akajishughulisha na uponyaji wa kiroho hadi kifo chake Mei 2003.

Alan Root, aliyemfanyia kazi Denis akiwa kijana, alitoa mwaka 1972, pamoja na mkewe Joan, filamu ya chemichemi za Mzima, zilizo kilomita zisizofika 60 kutoka Mtito Andei. Humo kiboko alionekana akitembea chini ya maji, jambo ambalo hata waliozaliwa karibu na chemichemi hizo hawakuwa wamewahi kuliona.