Bwana Branch Rickey, Mlezi wa Wachezaji
Bwana Branch Rickey alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1881. Alipokabidhiwa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals mwaka 1917, ilikuwa dhaifu, tena haina fedha za kununua wachezaji hodari. Basi akanunua vilabu vidogo, akalea vijana humo. Mwaka 1926 timu ikatwaa ubingwa. Kijana wake mmoja, Dizzy Dean, mtupaji mpira, alishinda michezo 30 mwaka 1934. Dean alipoumia, Rickey alimtoa mwaka 1938, akapata wachezaji watatu na dola 185,000. Hapo namwonea Dean huruma. Rickey alifariki mwaka 1965.

Sisi kidato cha nne twaondoka. Timu yetu hapa Mwera itamtegemea nani? Tuwafundishe wadogo zetu sasa, ila aliyeumia tusimtupe.